Kondoo wa Kurasini na Maji ya Desemba

Mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam kwa njia ya Kilwa, akashuka kituo cha Uhasibu na kushika mkono wa kushoto, ndiye anayeingia Kurasini. Kwanza atapishana na malori marefu yabebayo shehena za Bandari kwenda Zambia na Kongo. Kisha ataona matangi ya mafuta, Chuo cha Diplomasia, na nyumba ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Wageni wengi huishia hapo. Lakini ukizidi kushuka, harufu ya dizeli hupungua na harufu ya tope la chumvi huzidi, mpaka ufike kwenye mikoko, mahali ambapo maji ya mito Kizinga na Mzinga huingia katika mkono wa bahari.

Huko chini ndiko nilikokwenda, kumtazama mzee mmoja mfuga kondoo. Nilikuwa nimesikia habari zake, nami sikuamini kwamba pana zizi la kondoo katikati ya matangi na makontena. Nilimkuta ameketi juu ya gogo, anamkata kondoo kwato kwa kisu kidogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Mshike huyu kichwa, usisimame tu.”

Basi nikamshika kondoo kichwa, na mazungumzo yetu yakaanza hivyo.

Yafaa kwanza nieleze tabia ya mahali hapa. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mvua kubwa ikinyesha bara wakati bahari imejaa, maji ya mito na ya mitaro hukosa pa kutokea. Husimama, kisha hurudi nyuma kama mtu aliyefungiwa mlango. Na mitaro ikiwa imezibwa na takataka zetu wenyewe, maji huingia majumbani.

Mwaka 2011 nchi ilikuwa imetoka kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Siku 11 baadaye, Jumanne tarehe 20, mvua ilianza, ikaendelea siku ya pili na ya tatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema kuwa mvua ya namna hiyo haijaonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Maelfu waliacha nyumba zao mabondeni wakalala katika madarasa ya shule, na wengi wao baadaye walipewa viwanja Mabwepande, upande wa Kinondoni, mbali na mito waliyoizoea.

Mzee wangu wa Kurasini hakufiwa na mtu, naye humshukuru Mungu kila anapolitaja jambo hilo. Lakini alikuwa na kondoo 23 katika zizi la miti alilolijenga bondeni, karibu na majani mabichi. Alikuwa amewatunza ili awauze, na fedha hizo ziwe ada ya mjukuu wake aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari.

“Usiku ule nilisikia mlio wao,” aliniambia. “Kondoo si kama mbuzi. Mbuzi hupiga kelele mpaka umchukie. Kondoo hulia kidogo, kisha hunyamaza. Waliponyamaza nikajua.”

Kulipokucha alikuta dume mmoja tu, amesimama juu ya kichuguu, maji yamemfika magotini. Kati ya majike na wana wote aliokota maiti 14 katika mikoko. Waliobaki hawakuonekana tena.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwa ajili yake nimeiandika safari hii. Jioni ya Alhamisi alikuja mtu mmoja na mkokoteni. Alitaka kununua maiti zile 14, taslimu, bila kuuliza maswali. Noeli ilikuwa Jumapili, na nyama jijini ilikuwa ghali. Alisema angewachuna usiku uleule, na mlaji hangejua. Fedha alizotoa mfukoni zilitosha ada ya mtoto, na sare, na kilo chache za mchele wa sikukuu.

“Ulimjibu nini, mzee?” nikauliza.

“Sitakudanganya. Nilinyosha mkono.”

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akaacha ungo wake akamwambia kwa upole, “Mzee wangu, Jumapili tutapokea Komunyo kwa mikono ipi? Hii hii?” Akaendelea kupepeta. Mzee akaurudisha mkono wake. Mwenye mkokoteni akaondoka anatukana. Usiku ule mzee na mjukuu wake walichimba shimo kubwa mahali palipoinuka, wakafukia vibudu vyote 14.

Msomaji atadhani kwamba mtu aliyeshinda jaribu la namna hiyo aliamka na moyo mwepesi. Haikuwa hivyo. Siku ya Noeli mkewe alikwenda Misa, yeye akabaki kitandani. “Nilikuwa nimefanya haki, nami sikuwa na kitu,” alisema. “Sikuwa na la kumwambia Mungu. Nilimkasirikia, ndiyo kweli. Hata yule dume nilitaka kumchinja. Dume peke yake atazaa nini?”

Mchana wa siku hiyo alisikia hodi. Alikuwa jirani yake, Mwislamu, mzee mwenzake aliyefanya kazi ya kupakua shehena Bandarini miaka mingi. Mkono mmoja alishika sufuria ya pilau iliyofunikwa. Mkono wa pili alivuta kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na kondoo jike mwenye mimba.

“Kila Noeli,” alisema yule jirani, “sahani hutoka kwenu kuja kwetu, na kila Idi hutoka kwetu kuja kwenu. Mwaka huu njia ni ileile, ila miguu imegeuka.”

Mzee akakataa kumpokea kondoo. Jirani akafunga kamba katika nguzo ya nyumba, akasema: “Nimesikia habari ya mkokoteni. Wanangu nao hununua nyama sokoni. Ungeuza kibudu, pengine kingefika katika chungu changu. Huyu si sadaka, ni mbegu. Akizaa jike, nawe umpe mwingine aliyepatwa na maji.”

Mzee aliponisimulia hayo alinyamaza kidogo, akafuta kisu chake. Jumapili iliyofuata alikwenda Misa.

Mimi nilikumbuka habari ya Ayubu. Wengi wetu twajua kwamba alikuwa na kondoo 7,000 akawapoteza, na kwamba mwishoni alikuwa na 14,000. Lakini soma tena sura ya mwisho pole pole. Kabla ya hesabu ya kondoo kutajwa, ndugu zake na wote waliomjua walikuja nyumbani kwake, wakala chakula pamoja naye, wakamfariji, na kila mmoja akampa fedha na pete ya dhahabu. Mungu alimrudishia mali yake, na baraka hiyo ilianza kuingia kwa mlango ambao jirani alipiga hodi.

Yule jike alizaa jike. Mwanakondoo huyo alipokua alipelekwa kwa mjane mmoja aliyepoteza kuku wake wote. Tangu hapo mzee hufuata desturi ileile ambayo parokia nyingi huiita kopa mbuzi, lipa mbuzi. Ada ya mjukuu haikupatikana Januari. Mtoto alichelewa akaanza muhula wa pili, naye mzee huona uchungu hata leo akilikumbuka hilo. Si kila kilichochukuliwa na maji kilirudi.

Baadaye alikwenda Temeke Veterinari, katika barabara ya Mandela, kuuliza namna ya kufuga vizuri. Bwana mifugo alimweleza kwamba mnyama aliyezama amekunywa maji ya vyoo na kila uchafu, na nyama yake ingaliweza kuwaangusha walaji wengi. Alimweleza pia kwamba baada ya mafuriko kondoo hupatwa na minyoo, kichomi na kuoza kwato, na kwamba kuna ugonjwa mbaya zaidi uitwao homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kuzuka katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mayai ya mbu wanaoubeba yaweza kukaa ardhini miaka mingi, yakangoja mafuriko ndipo yaanguliwe. Kondoo hutupa mimba na wana hufa, na mtu huweza kuupata kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa au kwa kuumwa na mbu. Mwaka 2007 uliua watu zaidi ya 100 katika Tanzania. Kwa hiyo, msomaji mfugaji, kondoo wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, usichinje wala usiwaguse kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo upesi.

Zizi la sasa haliko bondeni. Limejengwa mahali palipoinuka, juu ya nguzo, sakafu yake ni ya mbao zenye nafasi ili uchafu udondoke chini. Kila Jumamosi mzee na vijana wa jirani yake huzibua mtaro. Nilimwuliza kama haogopi mvua tena.

“Naogopa sana,” alijibu. “Mvua ni ya Mungu, sina shauri juu yake. Lakini zizi lile la bondeni nilijenga mimi, hakunituma Mungu. Nikiomba aniepushe na maji, nami niwe nimekwisha kusogea.”

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya matangi. Kutoka msikitini ilisikika adhana ya magharibi, na yule jirani, mzee sana sasa, akapita na fimbo yake akisalimu. Mzee wangu akainuka kumfungulia njia kati ya kondoo.

Wasomaji wapenzi, mvua za vuli na za masika zitakuja tena. Mafuriko yakimpata mwenzako, mwombee. Kisha fumba kamba mkononi, ukapige hodi.