Kitabu Chini ya Godoro

Karani mmoja wa serikali mjini Nairobi alipokea barua kutoka shule ya bweni alikokuwa akisoma mdogo wake wa kike. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, na karani huyo ndiye aliyelipa karo na kutia sahihi katika ripoti. Barua ilisema kwamba msichana amekutwa na kitabu kisichofaa chini ya godoro lake, na kwamba mlezi wake afike siku ya Jumamosi kukichukua. Karani aliisoma mara mbili, akaikunja. Kwa siku tatu hakupata usingizi mzuri, maana neno "kisichofaa" ni neno pana, na moyo wa mlezi hulijaza mabaya yote unayoyajua.

Alipofika alikabidhiwa kitabu kidogo chenye jalada lililochakaa, nalo lina picha ya mwanamume mrefu na mwanamke anayemtazama machoni. Kilikuwa kimoja katika vile vitabu vya Mills & Boon ambavyo wauza vitabu vikuukuu wa Nairobi wameviuza kando ya barabara kwa miaka mingi. Msichana alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Karani alimwuliza swali moja tu: "Karo ninayolipa ni ya kusomea mambo haya?" Hakujibiwa. Akakitia kitabu mfukoni, akaondoka na nia ya kukichoma moto jioni ile ile.

Yafaa ijulikane kwamba karani huyu hakuwa adui wa vitabu. Alisomeshwa na wamishonari, na tangu ujana wake alikipenda kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nyumbani kwake alikuwa na Kusadikika cha Shaaban Robert, na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa hufumbua fumbo la mauaji. Zaidi ya hayo, katika mtoto wa meza yake ofisini mlikuwa na riwaya tatu za James Hadley Chase, ambazo majalada yake yasingeweza kupita mbele ya mwalimu mkuu yeyote. Hizo hakuzificha. Alizisoma saa ya chakula cha mchana, watu wote wakimwona.

Jioni ile mvua ilinyesha, moto haukuwashwa, na kitabu kikabaki mfukoni mwa koti. Siku ya Jumatatu kikaanguka sakafuni ofisini, mbele ya bibi mmoja mpiga taipu, mtu mzima na mama wa watoto wanne. Yule bibi alikiokota, akacheka.

"Hiki nimekisoma," alisema. "Mwishoni wanaoana."

"Kama mwisho waujua, bibi, wasomea nini?"

"Na wewe, bwana, je? Umepata kuona siku ambayo Bwana Msa ameshindwa kufumbua fumbo lake?"

Karani hakuwa na jibu. Usiku ule aliwasha taa, akakisoma kitabu chote, kwanza kwa hasira, kisha kwa makini.

Watu wengi huzidharau hadithi za mapenzi kwa sababu zote zafanana, na ni kweli kwamba zafanana. Mwanamume ni tajiri na mwenye kiburi. Mwanamke hana mali, lakini ana heshima na ulimi wa kujibu. Wakutanapo mara ya kwanza hugombana. Kisha huwa jambo la kuwatenga, mara nyingi uwongo uliosemwa na mtu wa tatu, au barua isiyofika. Mwishoni kiburi huvunjika, ukweli hujulikana, na ndoa hufungwa. Walakini kufanana si aibu. Bibi zetu walipotutolea hadithi jioni, tulijua kwamba sungura atamshinda fisi, na hata hivyo hatukulala. Msomaji wa hadithi za mapenzi haulizi kama wale wawili wataoana. Huuliza ni kwa njia gani mwanamume yule mkubwa ataletwa hata akiri kosa lake na kuomba radhi. Huo ndio mkataba baina ya mwandishi na msomaji, na mwandishi akiuvunja, msomaji huona ameibiwa.

Aibu ya kuficha kitabu nayo si jambo la jana. Mwaka 1740 Mwingereza Samuel Richardson alitoa kitabu kiitwacho Pamela, juu ya msichana mtumishi anayeandamwa na bwana wake, akamkataa mpaka bwana akakubali kumwoa kwa halali. Kilisomwa sana na kusifiwa. Na mwaka uliofuata Henry Fielding akatoa kitabu cha kukidhihaki. Jane Austen alitoa Pride and Prejudice mwaka 1813, hadithi ya bwana tajiri mwenye kiburi na binti asiye na mali, ambayo siku hizi hufundishwa katika vyuo vikuu bila mtu kuona haya. Katika kitabu chake kingine, Northanger Abbey, kilichotolewa mwishoni mwa mwaka 1817 baada ya kufa kwake, Austen alieleza habari za msichana ambaye, akiulizwa anasoma nini, hukiweka kitabu chini kwa haya na kusema kwamba ni riwaya tu. Basi godoro lile lilianza kutumika zamani.

Hata kampuni ya Mills & Boon haikuanza kwa mapenzi. Gerald Mills na Charles Boon waliianzisha London mwaka 1908, wakatoa vitabu vya kila namna, hata vya Mmarekani Jack London. Katika miaka ya 1930 wakaona kwamba hadithi za mapenzi ndizo zilizotakwa sana na maktaba za kuazimisha vitabu kwa malipo madogo, wakazishika hizo. Mwaka 1971 kampuni ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada. Wenye kampuni walijua jambo ambalo wenye dharau hawakulijua: kwamba wanawake wengi wafanyao kazi mchana kutwa hutaka kusoma usiku habari za mwanamke anayesikilizwa.

Lakini jambo lililomshika karani zaidi halikuandikwa na mtungaji. Kitabu kile kilikuwa kimepita katika mikono mingi bwenini, na pambizoni mlikuwa na maneno ya kalamu ya risasi, ya hati mbalimbali. Mahali ambapo mwanamume alimdanganya mwanamke, mmoja aliandika: "Mwongo huyu." Mahali ambapo alimshika mkono kwa nguvu na kumbusu hali yeye hataki, jambo lililokuwa la kawaida mno katika vitabu vya namna hiyo vya miaka ya 1970, palipigwa mstari mzito, na hati tatu zilifuatana. Ya kwanza: "Hayo si mapenzi." Ya pili: "Amwache aende zake." Ya tatu ilikuwa hati aliyoijua, maana kila muhula ilimwandikia kuomba sabuni na nauli. Ilisema: "Angekuwa kaka yangu angemfukuza."

Karani alizima taa, akakaa gizani. Alikuwa ameogopa kwamba wasichana huamini kila wanalolisoma. Kumbe walikuwa wakikaa baraza juu ya kila ukurasa na kutoa hukumu, na katika baraza hiyo yeye mwenyewe alitajwa kwa wema, ilhali alikuwa amekwenda kumwaibisha mbele ya walimu.

Likizo ilipofika alikiweka kitabu juu ya meza ya chakula. Alimwambia mdogo wake kwamba amri ya shule ni amri, na kitabu hicho kisirudi bwenini. Lakini hapa nyumbani kitakaa rafuni pamoja na vingine. Kisha akamwuliza ni kwa sababu gani aliupiga mstari ule.

Msichana alinyamaza kitambo. Halafu akasema kwamba kuna bwana mmoja mwenye duka karibu na shule aliyekuwa akimpelekea barua na zawadi ndogo ndogo. Barua zake zilikuwa tamu kama kitabu. "Lakini, kaka, nilipomrudishia zawadi alikasirika, akasema nitajuta. Yule wa kitabuni, mwishoni, huomba radhi. Huyu haombi. Nikajua ni yule wa mstari."

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Ulikuja siku ile, kaka, ukaniuliza juu ya karo."

Karani hakuwa na la kusema. Kesho yake alikwenda kumwona mwalimu mkuu, safari hii kwa habari ya yule mwenye duka, na jambo likamalizwa kwa wazee na kwa polisi kabla muhula haujafunguliwa.

Si kila hadithi ya mapenzi ni njema. Nyingine ni za ovyo, na nyingine hufundisha mabaya, nayo yafaa yasemwe waziwazi. Walakini kinachofichwa chini ya godoro hakiwezi kuzungumzwa mezani. Mlezi akutaye kitabu cha namna hiyo akisome kwanza, pambizo na yote, kabla hajatafuta kiberiti.