Mama Yuko Hai, Tunarithi Nini?



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Leo naomba nieleze jambo lililotupata katika familia yetu ya Gatete, hapa Rumonge. Nimeona haya kuliandika kwa muda mrefu, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu mimi. Lakini kila nikikaa barazani baada ya swala nasikia familia nyingine inapita njia ile ile, nikaona kunyamaza ni kuwanyima wenzangu nasaha.

Mama yetu alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Alipotoka hospitali tulipewa maagizo: ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda. Alishwe akiwa ameketi wima asije akapaliwa. Dawa za presha zisikatike. Mkono na mguu vinyooshwe kila siku. Sisi watoto tukaitikia "ndiyo, daktari", kisha kila mmoja akarudi kwake: mmoja Kigoma, mmoja Uvira, mimi Bujumbura. Akabaki dada yetu mdogo, mtalaka mwenye watoto wawili, aliyekuwa akiishi na Mama. Hakuna aliyemwuliza kama ataweza.

Mimi nilikuwa natuma pesa kwa Lumicash kila mwisho wa mwezi, na nikishatuma nalala usingizi wangu wote. Miezi minane ikapita hivyo. Nilipokwenda Gatete nilimkuta Mama msafi, hana kidonda hata kimoja, alhamdulillah. Dada ndiye aliyekuwa amekonda. Biashara yake ya ndagala ilikuwa imekufa, mgongo unamuuma, na mkononi ana daftari la shule lililojaa madeni ya duka la dawa. Akaniambia kwa upole: "Kaka, pesa unayotuma inanunua dawa na sabuni. Haijaninunulia usingizi hata wa usiku mmoja."

Nilishindwa kumjibu. Katika Suratul Israa, aya ya 23, tumekatazwa hata kutoa sauti ndogo ya kuonyesha kuwachoka wazazi wetu. Mimi nilijiona nimesalimika na katazo hilo. Kumbe sikuwahi kuchoka kwa sababu sikuwahi kufanya kazi yenyewe.

Ndipo tukaanza kutafuta mahali. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani husimulia habari za nyumba ambazo mzee anapewa chumba chake, na watu wa kumsaidia kuoga, kula na kunywa dawa, naye analipa kwa mwezi. Zanzibar serikali ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na tangu 2016 imekuwa ikiwapa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku kwetu sikuona nyumba ya namna hiyo. Na pensheni ya INSS ni ya waliokuwa na ajira ya kuandikishwa. Mama yetu ameajiriwa na jembe lake maisha yake yote.

Tukaona tupange nyumba Rumonge mjini, karibu na hospitali. Tulitaka choo kisicho na ngazi, maji ndani ya uwanja, na pawe mbali na ufuo, maana kila mtu anakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 2024 na kuingia majumbani. Mwenye nyumba mmoja aliposikia ni mgonjwa wa kulala kitandani akapandisha bei. Mwingine akasema chumba kimeshachukuliwa. Wa tatu alikubali. Tukakaa chini na kalamu: kodi, mkaa, chakula, dawa, nauli, mwanamke wa kumsaidia mchana na mwingine wa usiku. (Ni lazima wawe wanawake. Mama asingekubali mwanawe wa kiume amwogeshe, na ni haki yake kusitiriwa.) Hesabu ilipokwisha tuliona kwamba gharama kubwa ni ujira wa wale wasaidizi. Kodi ilikuwa ndogo ukilinganisha. Na chumba hakimgeuzi mtu kitandani. Wasaidizi tunaweza kuwapata Gatete pia, na Mama abaki na majirani zake na adhana ya msikiti wake.

Lakini pesa zitoke wapi? Hapa ndipo penye kosa langu.

Mama ana michikichi. Mwaka 1972 alikimbia vita kwa mtumbwi hadi Kigoma, akaishi ukimbizini miaka mingi. Aliporudi alikuta shamba lina watu wengine, na baada ya mashauri marefu alipata nusu yake. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia mavuno na kuuza mawese. Pesa nilikuwa naziweka, na nikiulizwa nasema, "ni za baadaye." Sikuzila, Allah ni shahidi. Ila baadaye niliyokuwa nikiifikiria ni ile ya sisi kugawana.

Tulikwenda kwa sheikh kuuliza. Mimi nilitaka kujua kama naweza kumpa Mama zaka yangu ya mwaka ule ili ilipie msaidizi. Akanijibu kwamba zaka haipewi mzazi ambaye matunzo yake ni wajibu wako. Kisha akauliza kama Mama ana mali. Nikamweleza habari za michikichi na zile pesa. Akanitazama. "Mama yenu yuko hai," akasema. "Mnamrithi nani?"

Neno lile lilinikata. Mali ya Mama ni ya Mama. Kwanza imtunze yeye, na ikipungua ndipo sisi watoto tunawajibika kujazia, kila mmoja kwa uwezo wake. Mimi nilikuwa nimepindua: Mama anakopa dawa dukani, na mali yake inawasubiri warithi.

Basi tulikaa mbele ya Mama. Ulimi wake ni mzito lakini akili yake ni timamu, na kila jambo tulimwuliza yeye kwanza. Tulikubaliana haya, tukaandika na kuweka mashahidi:

1. Mapato ya mawese yaingie kwanza katika matunzo yake. Msimu wa mavuno mengi tuweke akiba ya miezi ya uhaba.

2. Upungufu tugawane kwa uwezo, si sawa kwa sawa. Daftari la mapato na matumizi lisomwe kwa simu kila mwezi, wote wasikie.

3. Msaidizi wa mchana alipwe siku yake bila kuchelewa. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

4. Dada yetu alipwe ujira kwa kazi ya usiku. Hapa kaka mmoja alinung'unika: "Analipwa kumtunza mama yake?" Mama mwenyewe alikuwa akitaka kumwachia nyumba kwa wasia. Sheikh alikuwa ametueleza kwamba hakuna wasia kwa mrithi, na kwamba zawadi kwa watoto inatakiwa uadilifu, lakini ujira wa kazi iliyofanywa si zawadi. Ni bora apewe haki yake leo waziwazi kuliko ahadi itakayozua ugomvi kaburini.

5. Sisi wa mbali tuje kwa zamu, kila mmoja wiki moja, dada apumzike. Wanaume tupike, tufue, tumnyanyue, tumnyooshe mkono.

Pia tulimtafutia kadi ya CAM, ile ya matibabu kwa watu wasio na ajira rasmi. Familia nyingi wanayo haki hiyo na hawaiulizii.

Sisemi mambo yamenyooka yote. Kuna miezi akiba inakwisha kabla ya mavuno, na uhaba wa petroli wa 2024 ulinifanya nikose zamu yangu mara mbili. Lakini dada amerudi kuuza ndagala asubuhi. Na katika zamu yangu ya kwanza niliamka saa nane za usiku kumgeuza Mama pamoja na dada, nikamsikia akijitahidi kunitaja jina. Pesa zangu zote za Lumicash hazikuwahi kunipa kitu kama kile.

Nanyi vijana wanafunzi mnaosoma mbali na wazazi, msingoje kiharusi. Kaeni na ndugu zenu sasa, mwulizeni mzee anataka nini, mjue ana nini na kinakwenda wapi.

Allah awape shifaa wazee wetu wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwakute wazazi wetu uzeeni tukiwa ni faraja kwao. Amin.

Wabillahi tawfiiq.