Masasi hadi Newala: Njia ya wapagazi iliyogeuka njia ya pikipiki

Mzazi, kama unatafuta mahali pa kuwafundisha watoto historia bila kufungua daftari, wapeleke Masasi likizo ya Desemba, kisha mpande nao hadi Newala. Ni safari ya kilomita 70 hivi, kutoka uwanda wenye milima ya mawe hadi juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde.

Wakati huo ni msimu wa korosho, na barabarani pikipiki ni nyingi kuliko magari. Moja imefungwa gunia la korosho. Nyingine imening'iniza madumu ya maji kushoto na kulia. Nyingine inampeleka mama mjamzito kliniki. Inayofuata imepakia wanafunzi watatu, wamebanana kama mishikaki. Mtoto anayeyaona haya ataamini kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwambie haikuwa hivyo.

Zilizaliwa mwaka mmoja

Pikipiki ya kwanza ya petroli ilitengenezwa Ujerumani na Gottlieb Daimler mwaka 1885. Fremu yake ilikuwa ya mbao. Mwaka huohuo, mfalme wa Ujerumani alimpa Carl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo aliyodai kuyapata huku kwetu, na ndivyo koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilivyoanza. Lakini ilichukua miaka mingi kabla ya pikipiki na koloni kukutana.

Sababu ilikuwa njia. Masasi ilifikiwa kwa miguu kutoka Lindi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza hadi hapa kundi la watumwa walioachwa huru, nao wakaanzisha makazi chini ya milima ile ya mawe. Miaka 30 baadaye, mwaka 1906, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala kurekodi nyimbo na mila za watu. Alikuwa na kamera na mashine ya kunasa sauti, vifaa vya kisasa kabisa kwa wakati huo, lakini vyote vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi.

Ng'ombe na farasi hawakuweza kufanya kazi hiyo kwa sababu mbung'o waliwaua. Kwa hiyo mzigo wa kilo 25 au zaidi ulikaa kichwani mwa mtu, na njia ikawa nyembamba ya kutosha mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Gari halikuweza kupita humo. Kitu chenye magurudumu mawili, kimoja nyuma ya kingine, kingeweza.

Pikipiki zaja na vita

Pikipiki nyingi kwa pamoja zilionekana katika koloni hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 jeshi lililoongozwa na Jenerali Smuts liliingia kutoka upande wa Kilimanjaro, na miongoni mwa vikosi vyake kilikuwapo kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Kazi yao ilikuwa kutangulia mbele, kupeleleza na kupeleka taarifa.

Haikuwa kazi rahisi. Pikipiki nyingi za enzi hizo zilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkanda badala ya cheni, na mkanda ukilowa ulikuwa unateleza. Mchanga uliingia kwenye injini, miiba ilitoboa matairi, na masika yalizima kila kitu. Petroli ilisafirishwa kwa madebe. Debe hilohilo, lilipobaki tupu, lilihamia majumbani mwetu likawa chombo cha kuchotea maji na kipimo cha mahindi.

Mwaka 1917 vita vilishuka kusini. Mapigano makali ya Mahiwa, kati ya Lindi na Masasi, yalipiganwa Oktoba. Novemba, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita juu ya uwanda huu na Newala, kisha akavuka mto Ruvuma tarehe 25 kuingia Msumbiji. Siku tatu baadaye Kapteni Tafel, ofisa wake aliyekuwa akimfuata, alisalimu amri na kikosi chake karibu na huko.

Waingereza walikuwa na malori, magari madogo ya Ford na pikipiki, lakini njia ilipokatika walirudi kwa wapagazi. Inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi chao. Pikipiki iliharakisha barua ya ofisa, na chakula chake kikaendelea kubebwa na mtu wa kijijini.

Chombo cha wakubwa

Vita vilipokwisha na nchi kuitwa Tanganyika, pikipiki ilibaki chombo cha afisa, mmishenari, mlowezi au mfanyabiashara. Watu waliipa jina kutokana na mlio wake. Mwaka 1935 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walipita Tanganyika kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela, wakitoka London kwenda Cape Town. Kwa mwalimu au karani wa Kiafrika, kuwa na baiskeli tu ilikuwa heshima kubwa.

Juu ya uwanda wa Makonde, mzigo mzito kuliko yote ulikuwa maji. Watu walipanda kuishi juu wakiwakimbia wavamizi na wakamata watumwa. Udongo huku ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji yanazama. Chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi mama na binti waliteremka alfajiri na kupanda ukingo wakiwa na mtungi kichwani, na baadaye debe. Mradi wa kusukuma maji kwa mashine ulianza miaka ya 1950, lakini wazee bado wanaikumbuka ile njia.

Kilichoiteremsha pikipiki mikononi mwa mkulima ni korosho, pamoja na pikipiki za bei nafuu kutoka China na India. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, korosho zilianza kukusanywa kwenye vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada. Malipo yakitoka, wauza pikipiki hawalali. Kijana ambaye babu yake alibeba mzigo wa mtu mwingine, leo anabeba mzigo wake na kulipwa nauli.

Somo lililochelewa

Kuna jambo moja ambalo halikufuatana na pikipiki hadi mlimani. Askari wa 1916 waliendesha bila kofia ngumu, kwa sababu umuhimu wake ulikuwa bado haujulikani na wengi. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi maarufu wa Kiingereza, alianguka na pikipiki yake akiwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli. Alikufa kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo. Alichunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kwamba helmeti ingeokoa wengi. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliwaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae.

Sisi hatuna haja ya kuligundua upya. Sheria yetu inamtaka dereva na abiria wote wavae helmeti. Kanuni za bodaboda za mwaka 2010 zinaruhusu abiria mmoja tu, na mtoto wa chini ya miaka tisa hapakiwi. Wale wanafunzi watatu barabarani, asubuhi hiyohiyo walifungwa tai na mzazi, wakapewa hela ya chai, kisha wakapandishwa vichwa wazi.

Mkifika na watoto

Masasi, waonyesheni kanisa kuu la Waanglikana pale Mtandi na milima ya mawe inayolizunguka. Mkiwa na muda, Lupaso ndipo alipozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa. Newala, tazameni boma la Wajerumani, kisha nendeni Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda. Hapo mtoto ataona bonde likishuka kuelekea Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mwambieni ashuke kidogo na kupanda tena, mikono mitupu. Halafu mwambieni bibi alipanda na debe.

Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, inawekwa lami kwa awamu, kwa hiyo ulizeni hali yake kabla ya kuondoka, hasa mvua zikiwa zimeanza. Kama mna ndugu mlimani, wakalisheni watoto na mzee wa miaka 80 na wamuulize maswali matatu: Pikipiki ya kwanza uliiona wapi? Ilikuwa ya nani? Wewe siku ile ulikuwa umebeba nini? Andikeni majibu yake, maana wazee hao wanapungua kila mwaka.

Na mkirudi nyumbani, kama mtoto wenu amefikisha umri na hana budi kupanda bodaboda kwenda shule, nunueni helmeti inayomtosha kichwa chake. Mchagueni dereva mmoja mnayemfahamu, na mwambieni wazi kwamba huyu anapakiwa peke yake.