Binti wa kidato cha pili na tamthilia ya Kinjeketile

Barua ya shule ilifika nyumbani Jumatatu ikiwa imekunjwa ndani ya daftari la Hisabati. Wanafunzi wa kidato cha pili watapelekwa Jumamosi kutazama Kinjeketile. Nauli na kiingilio Sh7,000, mzazi asaini chini. Binti wa miaka 14 aliiweka mezani kisha akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Alitaka sana kwenda.

Baba yake hakuona cha kujadili. Hiyo ni historia ya nchi, alisema, na mtoto anayesoma Vita vya Maji Maji darasani ataogopa nini jukwaani?

Mama alisita. Mwaka jana, baada ya msiba wa jirani, binti huyo alikosa usingizi karibu wiki nzima, akiomba taa isizimwe. Kijana wa umri wake anahitaji kulala saa nane hadi 10, na mikesha ile ilionekana mpaka kwenye alama za mitihani. Baba aliita woga. Lakini watoto hawalingani, na umri peke yake haumwambii mzazi kila kitu.

Hawakubishana. Mama aliazima kitabu kwa mtoto wa dada yake, akakisoma mwenyewe watoto walipolala. Ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, wala si nene. Usiku wa pili alikuwa ameimaliza.

Alitarajia damu, kwa kuwa vita yenyewe, ya 1905 hadi 1907, ilikuwa mbaya. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 na kufika 300,000. Lakini mwandishi hakung'ang'ania maiti. Alimwandika mtu aliyewapa wenzake neno la matumaini, wakaliamini, kisha yeye mwenyewe akaanza kulitilia shaka wakati tayari limemtoka mikononi. Hilo ni zito, ila kijana analiweza. Kuhusu Kinjeketile kupagawa na pepo, binti alicheka tu. "Mama, kwani filamu za kwenye runinga hazina?"

Mahali ambapo mama alifunga kitabu kwa muda ni pengine kabisa. Ni pale binti wa Kitunda anapochukuliwa kwa nguvu na watu wa mkoloni, na wakubwa wake hawana la kufanya.

Alhamisi jioni, wakichambua mchicha, alimwambia. "Mwanangu, kuna sehemu msichana anachukuliwa kwa nguvu. Hata wasipoonyesha yote, utaelewa. Usije ukashtukia hapo."

Binti alinyamaza, akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Kama yule wa kituoni?"

Mama hakujua habari ya mtu yeyote wa kituoni. Ikatoka kidogo kidogo. Kuna mpiga debe ambaye tangu Januari humshika mkono kila anaposubiri daladala, akimwita mchumba, na wenzake wanacheka. Hakusema kwa sababu alidhani ataulizwa kwa nini anasimama hapo. Mama, ambaye kweli alikuwa na swali hilo mdomoni, alilimeza. Akamwambia tu, "Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia."

Ijumaa baba aliomba ruhusa kazini, akaenda kituoni saa za kutoka shule, akazungumza na mpiga debe huyo mbele ya viongozi wa kituo. Aliporudi hakuwa na maneno mengi. Alichukua ile barua akaisaini, kisha akamsogezea mkewe naye asaini, ingawa shule ilitaka sahihi moja.

Jumamosi binti alirudi saa 12 jioni akiwa na njaa. Sehemu ya msichana, alisema, aliinamisha kichwa hadi ikapita. Jambo lililomkera ni jingine.

"Baba, kama alishaona maji yanaweza yasizuie risasi, mbona mwishoni alikataa kusema ni uongo? Si angeokoa watu?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia mkewe na kuuliza kama kile kitabu kinaweza kukaa siku mbili tatu zaidi kabla hakijarudishwa.