Katwe, Mahali Injini Inapofunguliwa na Ukweli Ukaonekana

Mtu atokaye Masaka kwenda Kampala husafiri kama kilomita 130. Hupita Lukaya, ambako vijana huyazunguka magari wakiuza kuku wa kuchoma na gonja. Huvuka Mto Katonga. Huukata mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Kisha huanza kupanda na kushuka vilima vya Mpigi hadi auone mji. Askari wa zamani hawapiti Lukaya bila kuyakumbuka mapigano ya Machi 1979, yaliyopiganwa katika barabara hiyo ipitayo kati ya kinamasi. Lakini mimi, asubuhi ile ya mwezi wa Aprili, sikuwa na nafasi ya kukumbuka vita. Macho yangu yalikuwa katika kioo cha nyuma, nikiutazama moshi.

Gari lenyewe ni Hiace yenye injini ya petroli ya aina ya 1RZ. Nililinunua kwa kiinua mgongo changu baada ya kuendesha magari ya polisi kwa miaka mingi, na tangu hapo ndilo shamba letu. Hubeba abiria siku za kazi na ndizi siku za soko. Karo ya pacha wetu hutoka humo. Sasa muhula wa pili ulikuwa unakaribia, na injini ilikuwa inakunywa oili kama mgonjwa wa homa anywavyo maji.

Mke wangu, ambaye watu wote humwita Nalongo kwa ajili ya wale pacha, alikaa kiti cha mbele. Katika mkoba wake mlikuwa na fedha za karo pamoja na akiba aliyoitoa katika chama chao cha akina mama. Tulikubaliana kwamba fedha hizo zingetumika mara moja tu. Hapakuwa na za kurudia kosa.

MOSHI UNA LUGHA YAKE

Ndugu msomaji, moshi wa gari si wa namna moja. Moshi mweusi ni wa petroli iliyozidi. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto huonyesha kwamba maji yanaingia ndani. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Na huo wa buluu nao una siri yake. Ukitoka kwa wingi dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, mara nyingi kosa liko juu, katika vali. Ukitoka wakati gari linavuta mzigo mlimani, lishuku pistoni, ringi na silinda. Wetu ulitoka tulipopanda.

Tulipofika Ndeeba tulisimama. Hapo kuna madalali wa injini zilizokwisha kutumika, zinazoletwa kutoka ng'ambo. Mmoja alituonyesha injini iliyooshwa ikang'aa, akasema ingefungwa siku hiyo hiyo na jioni tungekuwa barabarani. Nilishawishika, kwa maana kila siku gari lisipotembea ni hasara. Nalongo akamwuliza, "Mwanangu, ndani ikoje?" Kijana akajibu kwamba ndani hapafunguliwi. Nalongo akafunga mkoba wake. "Baba Pacha," akaniambia, "huyu anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Twende kwa yule fundi wako."

KATWE YA MAFUNDI

Katwe hii si ile ya ziwa la chumvi kule Kasese. Ni mtaa wa Kampala ulio kati ya Mengo na Nsambya, karibu na mzunguko wa Kibuye. Dunia ililisikia jina lake mwaka 2016 kwa ajili ya filamu ya Queen of Katwe, inayosimulia habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa huo aliyekuwa hodari wa mchezo wa sataranji. Lakini sisi madereva tuliijua Katwe zamani, kwa sauti yake. Utaisikia kabla hujaiona: nyundo juu ya bati, msumeno juu ya chuma, na cheche za kuchomelea zikiruka mchana kweupe. Hapa hutengenezwa sigiri, milango, sufuria za aluminiamu iliyoyeyushwa na vipuri ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Ufundi huo ulipevushwa na shida. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka mengi ya spea na karakana nyingi zilibaki bila wenyewe, na bidhaa za kutoka nje zikawa adimu. Gari lililoharibika halikuweza kungoja meli. Ikawalazimu mafundi wa Katwe kukiokoa kila chuma kilichoweza kuokolewa, na mazoea hayo hayajawatoka.

Fundi wetu ni mzee aliyejifunza kazi katika karakana ya jeshi. Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na kilichonyooka. Hakuniuliza nina fedha kiasi gani. Alichomoa plagi zote nne, akapima mgandamizo wa hewa katika kila silinda huku akiandika kwa chaki ukutani: ya kwanza pauni 150, ya pili 145, ya tatu 95, ya nne 140. Akamimina kijiko cha oili katika ile ya tatu, akapima tena. Ikapanda hadi 130.

"Afande, umeona?" akasema. "Oili imeziba kwa muda pale ringi zinaposhindwa. Kama kosa lingekuwa la vali, kipimo kisingepanda hivi. Injini ishuke."

KILICHOONEKANA NDANI

Injini ya gari hilo iko chini ya viti vya mbele. Kuishusha kulichukua siku nzima ya kwanza. Usiku tulilala kwa dada yake Nalongo, ambaye mumewe ni askari katika kambi ya polisi ya Nsambya, na asubuhi tukarudi kwa miguu.

Silinda hedi ilipoondolewa, fundi alinishika mkono akanipitishia kucha yangu ndani ya silinda ya tatu, karibu na mdomo wake. Kucha ikakwama. Palikuwa na ukingo. Sababu yake ni hii: ringi ya juu haifiki mwisho kabisa wa silinda. Hapo pistoni inaposimama na kugeuka, shinikizo la moto ni kubwa na oili ni haba, kwa hiyo chuma hulika. Juu ya hapo, ambapo ringi haigusi, chuma hubaki kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Baada ya miaka, tofauti hiyo inakuwa ngazi.

Kisha akaitoa pistoni yenyewe. Ringi ya juu ilikuwa imevunjika vipande viwili, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo mirefu iliyoteremka kama mvua juu ya kioo.

"Nani aliifungua injini hii kabla yangu?" akauliza.

Nikasema kweli. Miaka mitatu nyuma, gereji moja ya mjini kwetu iliniahidi kwamba ringi mpya zingetosha. Hawakupima kitu. Walizitia ringi mpya juu ya ukuta mkuukuu, nikalipa, na baada ya miezi michache moshi ukarudi. Mzee akatikisa kichwa. Ringi mpya ina kona kali, nayo hupanda juu kidogo kuliko ile iliyolika. Ilikuwa inaugonga ule ukingo kila mzunguko hadi ikavunjika.

Nilifurahi kumpata wa kulaumiwa. Lakini furaha yangu haikudumu. Fundi alilichukua bomba la mpira lililotoka katika chujio la hewa, akalikunja. Ufa ukafunguka kama mdomo. Juu yake palikuwa na kipande cha tyubu kilichofungwa na kulegea. Kipande hicho nilikifunga mimi, kwa mikono yangu, nikasema nitalinunua jingine mwisho wa mwezi. Kwa ufa huo, vumbi la barabara za murramu lilikuwa linaingia bila kuchujwa, likawa msasa ndani ya silinda zote nne. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa mbele ya ukuta wenyewe.

KUPIMA KABLA YA KUKATA

Fundi alitumia kipimo cha ndani chenye saa, akapima kila silinda katika vina vitatu: juu, kati na chini. Katika kila kina alipima mara mbili, mara moja kwa urefu wa injini na mara moja kwa upana wake, kwa sababu pistoni husukuma ubavuni na silinda hupoteza uviringo. Injini hii ikiwa mpya, kipenyo cha silinda yake ni milimita 86. Ile ya tatu ilikuwa imefika 86.24 kwa juu, na chini ilikuwa 86.03 tu. Shimo lililokuwa bomba lilikuwa limeanza kufanana na faneli.

Hapo ndipo uamuzi ulipopatikana, nao haukutokana na maneno ya mtu. Ringi peke yake zisingefaa, kwa kuwa ringi haiwezi kujinyoosha na kujibana katika kila safari bila kuchoka. Ilibidi silinda zote nne zikerezwe hadi kipimo kinachofuata, milimita 86.50, na pistoni nne mpya za kipimo hicho zinunuliwe pamoja, ili uzito wao ulingane. Nalongo alizihesabu fedha juu ya benchi. Zilitosha, na zilizobaki zilikuwa nauli tu.

Fundi alikataa kuipeleka bloku kwenye mashine kabla pistoni hazijafika. Alizipima moja moja kwa maikromita, chini kwenye sketi yake na kwa upande usio na pini, akaipa kila moja namba. Silinda hukerezwa kwa kuifuata pistoni itakayokaa ndani yake. Mwenye mashine aliacha kiasi cha sehemu tano za mia za milimita, akazimaliza kwa mawe ya kunoa yazungukayo yakipanda na kushuka. Ukuta ulitoka na mistari myembamba iliyokingamana kama ukili. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Ukuta ulio laini kama kioo haufai.

SABUNI YA NALONGO

Bloku iliporudi, kijana msaidizi alichukua petroli aioshe. Mzee akamzuia. Petroli huondoa mafuta, lakini unga wa mawe hubaki ndani ya ile mistari, na unga huo utakula pistoni mpya kuliko vumbi lilivyokula za zamani. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni na brashi.

"Hiyo ni kazi ninayoijua," akasema Nalongo. Akajifunga kanga, akachemsha maji juu ya sigiri, akasugua silinda moja baada ya nyingine. Aliposema imetakata, mzee akamwomba kitambaa cheupe. Akakipaka oili kidogo, akakisugua ndani ya silinda. Kikatoka na rangi ya majivu. Nalongo hakusema neno. Akachemsha maji mengine. Kitambaa kilitoka cheupe mara ya tatu. Papo hapo bloku ikakaushwa na kupakwa oili, maana chuma kitupu hakichelewi kushika kutu.

Kazi ya kufunga ilikuwa ya utulivu. Kila ringi iliingizwa kwanza peke yake ndani ya silinda na pengo lake likapimwa, karibu sehemu 35 za mia za milimita, ili ikipata moto ipate nafasi ya kutanuka. Mapengo hayakuachwa yafuatane mstari mmoja, yasije yakawa njia ya moshi. Alama za pistoni zilielekezwa mbele ya injini, na boliti zikakazwa kwa spana ya kipimo.

NJIA YA KURUDI

Siku ya tano tuliondoka na bomba jipya la hewa. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo tuliagizwa tusibebe mzigo mzito, tusikimbize injini, wala tusiiache ikinguruma muda mrefu mahali pamoja. Tubadilishe mwendo mara kwa mara, na tumwage oili ya kwanza mapema. Katika vilima vya Mpigi nilitazama kioo cha nyuma kwa mazoea. Niliona barabara na migomba.

Tulisimama Kayabwe, pale penye alama ya Ikweta. Watalii walikuwa wanapigwa picha. Nalongo akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa pale pale tulipoiacha Katwe.

Wasomaji wapenzi, familia nyingi za askari na polisi huweka kiinua mgongo chote ndani ya gari moja. Mkipeleka gari kwa fundi, msimwulize kwanza bei. Mwombeni aandike vipimo, nanyi mvione. Asiye na kipimo anabahatisha kwa fedha zenu. Na kabla ya kumlaumu yeyote, fungueni boneti mlitazame lile bomba la hewa.

Pacha walifungua shule wiki mbili baadaye. Karo tuliilipa kwa mafungu mawili, na fungu la pili lililetwa na gari lenyewe.