Kufyonza Siko Kuambata

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa hupima dawa maabarani, aliniletea rasimu ya maelekezo ya wasaidizi wake ili niisanifu Kiswahili chake. Katika kromatografia ya kimiminika, sampuli husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mirija ya chuma cha pua (wahenga wangeiita feleji), na baadhi ya molekuli haziufiki mwisho. Kikulacho ki nguoni mwako: chombo kinachopima ndicho kinachopunguza, na dawa nzima yaweza kuhukumiwa kuwa pungufu.

Rasimu ilisema chuma “hufyonza” dawa. Hapo nikasita. Mchanga hufyonza maji. Kilichofyonzwa kimeingia ndani. Hapa hakiingii kitu. Molekuli zenye fosfeti, kama ATP, na dawa kama tetrasaiklini, hushikwa na madini yaliyo juujuu ya uso wa mrija. (Ni tetrasaiklini ile ile tunayokatazwa kuinywa na maziwa, kwa kuwa hushikana na kalsiamu.) Nilipima “kunata”, lakini kunata kwataka ulimbo, “kunasa” kuna mtego ndani yake. Nikachagua “kuambata”.

Tofauti hii ina kazi. Msaidizi anayejua kwamba dawa imeambata usoni atauliza uso huo utatulizwaje. Huoshwa kwa asidi ya nitriki ili utando wa oksidi uimarike. Au asidi ya sitriki hutiwa katika kimiminika iwahi kuyashika madini kabla ya dawa. Wengine hupitisha sampuli mara kadhaa mpaka uso ushibe, nami nalipenda neno hilo “kushiba”, ingawa shibe yenyewe haidumu. Mirija ya plastiki ngumu husaidia, ila haihimili shinikizo kama chuma. Siku hizi chuma chenyewe huvikwa utando usioshikana na dawa. Rasimu ilisema “kupakwa”, nikaandika “kuvikwa”.

Mikhail Tswett, aliyeasisi mbinu hii mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye jina lake kwa Kirusi ni “rangi”, alizitenga rangi za majani katika bomba la kioo lililojaa unga wa kalsiamu kaboneti. Zilitengana kwa sababu kila moja iliuambata unga kwa kiasi chake. Basi kitenzi kimoja kinataja kazi na wizi pia.

Nomino ndiyo inayonisumbua. Mwanafunzi wangu ameshachapisha “uambataji”. Sikio langu lingali linavutwa na “mwambato”.