Chandalua cha Nyuma: Safari Yetu ya Jangwa la Utah

Mwezi wa Agosti, mwaka 2022, Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Marekani, katika mji wa Denver, kumzuru dada yetu mkubwa anayekaa huko na mwanawe. Sisi ni watoto wa Pangani, na baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi. Hatukudhani kabisa kuwa kazi ya kwanza tutakayopewa katika mji ulio mbali hivyo na bahari itakuwa karibu sawa na kushona tanga.

Mpwa wetu ana gari la pikapu, na mgongoni mwake amepakia kijumba cha safari. Ajabu ya kijumba hiki, ewe msomaji, ni kuwa paa lake huinuliwa msafiri anapotua, na sehemu ya juu ya kuta zake ni kitambaa. Wakati wa kuondoka paa hushushwa, gari likawa fupi, upepo usipate pa kulishika. Ndani mna kitanda na jiko dogo. Lakini mlango u nyuma, na hapo ndipo penye ila yake: ukiufungua, jua na mvua huingia bila ya kupiga hodi. Mwaka uliotangulia, adhuhuri moja jangwani, joto la ndani lilimzidi dada yetu hata akazimia. Tangu siku ile akawa hubaki nyumbani peke yake kila wanapotoka.

"Mjomba," mpwa wetu alitwambia, "nisipopata kivuli nyuma ya gari, mama hatafuatana nasi tena."

Basi tuliazimia kufanya chandalua. Hatusemi kile cha mbu, bali kile cha zamani kilichotandwa chomboni kuwakinga abiria na jua. Madukani vimo, lakini vingi ni vya kufungwa ubavuni. Tulinunua turubai la pamba nzito, tukakata urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Mkasi ukiwa mkononi tulikumbuka kuwa bibi zetu waliita kitambaa cha pamba "merikani", kwa sababu katika karne ya 19 merikebu za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja. Leo tumekifuata kwao.

Upindo tuliukunja mara mbili, tukaushona kwa uzi wa nailoni. Ukingo wa juu tuliutia kamba ndani yake, kama ukingo wa tanga, na kamba hiyo ikapenyezwa katika mfereji wa alumini uliokazwa kwa parafujo juu ya mlango. Kila tundu la parafujo lilizibwa kwa gundi ya mpira, kwani paa likianza kuvuja mbao za ndani huoza kabla mwenyewe hajatambua. Ukingo wa nje ulitiwa pete za shaba, nguzo mbili na kamba nne. Nguzo moja tuliifanya fupi kwa shibiri moja, ili maji ya mvua yamwagike upande mmoja.

Tulishika barabara ya 70 kuelekea magharibi, tukapita chini ya milima katika tundu la Eisenhower, lililo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 3,300, kisha tukateremka na mto Colorado. Ukipita mji wa Green River, Utah, ujaze petroli, kwani mbele yako mna maili zaidi ya 100 zisizo na kituo hata kimoja. Huko ndiko San Rafael Swell, nchi ya mawe mekundu na meupe, tabaka zake zimesimama wima kama kurasa za kitabu kilichoachwa wazi. Vigingi vyetu vilikataa kuingia katika mwamba. Tukajaza mchanga magunia, tukafunga kamba humo. Dada yetu alishuka, akaketi kivulini, akaomba chai.

Katika nchi ile, mwezi wa Agosti, upepo hutangulia mvua. Mpwa wetu alipoona wingu alitaka kulegeza kamba, nasi, kwa ujuzi wetu wa uana-nahodha, tulimkataza na kuzidisha mafundo. Upepo ulipokuja, turubai halikuchanika wala fundo halikufunguka. Nguvu yote ilikwenda kwenye paa. Likatikisika, parafujo mbili zikang'oka, na nguzo moja ikaanguka mbele ya miguu ya dada yetu. Bilauri ilivunjika. Yeye alisalimika, alhamdulillahi.

Alitutazama kwa muda. "Ndugu yangu, baba alikufundisha kufunga demani namna hiyo?"

Hatukuwa na jawabu. Hata mtoto wa pwani anajua kuwa upepo ukizidi, nahodha hulegeza demani, tanga likapumua. Jioni ile tulikata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, tukaunga kimoja katika kila kamba ili ivutike na kurudi, na mafundo tukayageuza kuwa ya kitanzi, yenye kufunguka kwa mvuto mmoja wa mkono. Parafujo nazo tulizirudishia kwa gundi mpya.

Siku ya pili mvua ilinyesha kweli. Maji yalimwagika upande wa nguzo fupi, mbali na mlango, na dada yetu aliweka sufuria pale yakingwe, akatuuliza safari ijayo tunakwenda wapi.